Maneno ya Baada ya Dua

Chupa ya chai niliyopewa mwaka ule bado ninayo. Ni ya samawati, imechorwa maua mekundu ubavuni, kizibo chake kimelegea, na ukiitia chai asubuhi, ikifika saa nne imeshakuwa vuguvugu. Wanangu wameniambia mara nyingi niitupe. Huwajibu kwamba ni zawadi ya wenzangu wa kazini na zawadi haitupwi, nao hucheka wakasema mama yao ana tabia ya kuwekaweka vitu. Ukweli ni kwamba chupa ile niliipata kwa uongo, na nimeiacha juu ya kabati miaka yote hii kwa sababu nikiitupa nitabaki na uongo peke yake. Nilidhani nitakufa bila kumweleza mtu. Kisha mwezi uliopita niliketi meza moja na Bi Saumu wa kutoka Pwani, akanitajia kifo cha mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, na tangu siku hiyo sina raha.

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano. Watu wanazungumza, mimi naandika, na mwishowe wanapewa karatasi ya kuwaonyesha kwamba walizungumza. Mkutano huo ulikuwa wa siku mbili katika ukumbi wa kanisa moja Kawangware, na uliwaleta wanawake wa Pwani kutoa maoni juu ya rasimu ya kanuni za bahari: nani apewe kibali cha kulima mwani, nani asimamie miamba ya pweza, kamati za ufuo zichaguliwe vipi, na watu wafanyeje wapate riziki baharini leo bila kuwanyima wajukuu wao ya kesho. Wakati wa chakula cha mchana Bi Saumu aliketi karibu nami, akaitazama pilau ya Nairobi kwa huruma, akavitenga viazi pembeni ya sahani kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe uandikaye haya yetu?" Nikamwambia ndimi. "Basi andika sawasawa. Sisi tulishaandikwa vibaya mara moja." Alipotaja kijiji chake, kijiko changu kilisimama njiani. Hata sauti yake nilikuwa naijua. Alikuwa na kawaida ya kucheka kidogo kabla ya kumaliza sentensi, na kicheko hicho nilikisikia mara nyingi zamani, kwenye kanda, katika chumba kimoja cha Kibera.

"Walikuja watu na mashine ya kunasa sauti, mwaka ule wa vita vya kura, kabla havijaanza," akasema. "Wanaume wakasema yao. Sisi tulikuwa twapika, lakini tulikuwa na yetu ya kusema, na yetu ndiyo yaliyokuwa ya mwamba. Mwenzetu mmoja, Mwanaisha, akatwambia tungoje. Alisema mashine yasikia yote, dua ikishasomwa tutakaa tuseme kwa nafasi. Tukangoja, tukasema. Tulisema sana, mwanangu." Kitabu kilipokuja kutoka Nairobi, aliendelea, hakikuwa na neno lao hata moja. Kilisema wanawake wa kijiji hicho hawana shughuli mwambani, wao hupika. Kamati ya ufuo ikaundwa ya wenye vyombo na wanunuzi wa samaki, nayo ikaanza kuwapa wageni barua za kuingia mwambani wakati wowote. "Haikupita miaka mitatu, ukishuka maji yakiwa yamekupwa hupati hata pweza wa kutia mchuzi. Kila mtu akamgeukia Mwanaisha. Wakasema ndiye aliyetuponza, maneno ya baada ya dua si ya mkutano, hayana baraka. Na mwenyewe aliamini hivyo. Amefariki mwaka huu, mwezi wa Rajabu, na hata matangani nilimsikia mtu akisema, 'Huyu ndiye aliyetupotezea mwamba.'" Nilimwomba mtu wa upande wa pili wa meza anipe chumvi, ingawa pilau ilikuwa na chumvi ya kutosha. Mchana ule wote niliandika kumbukumbu zangu kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida.

Ya wazazi wangu na jinsi nilivyotoka Kitui nayaruka, wao hawana kosa lolote katika habari hii. Mwaka ule wa kura nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Kambi Muru, Kibera, katika ploti ya vyumba vinane ya Mama Zena. Mama Zena alikuwa Mnubi, mtu wa Kibera wa tangu na tangu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumfikia mpangaji wa chumba cha mwisho bila ya yeye kuinuka kitini. Ujanani aliolewa Mombasa, akakaa huko miaka tisa, akarudi na talaka moja na maneno mengi ya Pwani. Chumba chake kilikuwa na kapeti mbili zilizolaliana, harufu ya udi iliyoshindana na harufu ya mtaro wa nje, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kisichotembea: juu ya kochi, juu ya birika, juu ya redio yake kubwa ya kanda. Jumamosi alipika gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, akaiweka rundo kwenye sinia na bakuli la mchuzi wa nyama katikati, na mpangaji aliyepita mlangoni akasema tu "Sasa, Mama Zena" bila kuingia alionekana ana madharau.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya washauri, nusu saa hivi kwa miguu kutoka Kibera. Watafiti wetu walikuwa wakienda vijiji vya Pwani kuuliza jinsi bahari inavyosimamiwa, wakirudi na kanda, na mimi nikizisikiliza kwa visikizi na kuziandika neno kwa neno ili Bwana Kiilu, mkubwa wetu, apate cha kutia katika ripoti yake. Ripoti ile ndiyo ingependekeza kamati za ufuo ziweje. Kanuni za uandishi zilikuwa mbili. Ya kwanza, mkutano huanza kwa dua na huisha kwa dua, na kilicho katikati ndicho mkutano. Kanda ikiendelea baada ya hapo, mwandishi anaandika "Mkutano ulifungwa kwa dua" na anaweka nukta. Ya pili, kanda haitoki ofisini. Hii ya pili nilikuwa naivunja kila Ijumaa. Kiswahili cha wale wazee wa Pwani kilinishinda kasi, mimi wa Kitui na Nairobi, na mashine ya ofisi nayo ilikuwa na ugonjwa wa kutafuna kanda. Basi niliifunga kanda kwenye leso, nikaitia mkobani, nikaenda kuisikiliza kwa Mama Zena, yeye akinifafanulia huku anageuza gurusa. Sikuona ubaya, na kazi yangu ilisifiwa kwa usafi.

Kanda ya kijiji cha akina Saumu tuliisikiliza Jumamosi moja ya Novemba. Wanaume walizungumza saa nzima juu ya injini, nyavu, leseni na wanunuzi wanaowapunja. Kisha shehe akasoma dua, watu wakaitikia amin, viti vikaburutwa. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kuizima Mama Zena aliponishika mkono. Mtafiti wetu alikuwa ametoka na wanaume akiiacha mashine mezani ikizunguka, na sauti ya mwanamke, nzito na ya taratibu, ilikuwa inasema, "Haya, wenye vyombo wamesema ya vyombo. Sasa nasi tuseme ya miguu." Huyo ndiye Mwanaisha, na ya miguu ni ya wanaoutembelea mwamba maji yakikupwa. Akaeleza kwamba mwamba wao una sehemu tano, na kila moja ina jina lake na mlinzi wake mwanamke. Sehemu inayochoka hufungwa bamvua sita, maana yake miezi mitatu, wakaweka kijiti chenye kitambaa cheupe, na hakuna anayeikanyaga hadi pweza wakue. Sauti nyingine, yenye kicheko kidogo, ikauliza, "Na mwenye kukanyaga?" Mwanaisha akajibu, "Mwenye kukanyaga, siku ya kufungua atachanja kuni, atatupikia sote, na atakula mwisho." Wakacheka wote, masufuria yakagongana. Siku ya kwanza ya kufungua, akasema, huingia wajane peke yao. Na walinzi watano hubadilishwa kila mwaka, wazuri kwa wabaya, ili asizoee mtu. Halafu akaisogelea mashine, nafikiri, kwa sababu sauti ilikuwa kubwa ghafla: "Nyinyi wa Nairobi mtakaosikia haya, twataka yaandikwe kwamba mwamba una wenyewe, na wenyewe ndio hawa."

Mama Zena alisahau gurusa ikaungua. "Umesikia? Ili asizoee mtu!" alisema, akajipiga paja. "Wallahi, hawa wangepewa Kenya hii wangeinyoosha. Rudisha nyuma, nisikie tena pale pa kula mwisho." Tukarudisha. Jumamosi iliyofuata akaomba tena, na nyingine, hata mimi nikayashika yale maneno kwa moyo. Mama Njoki wa chumba cha tano, mshonaji, alikuja na kikombe chake cha chai kusikiliza, na Omosh wa chumba cha pili, fundi wa viatu, alisimama mlangoni akasema, "Wamama wa huko ni noma, mathe. Kula last ukiwa umepika? Hiyo ni jela." Mama Zena aliniuliza kama nimeyaandika. Nikamwambia ofisi haitaki ya baada ya dua. "Kwani mungu wa ofisi yenu husinzia baada ya dua?" akasema. Nikamwahidi nitamweleza Bwana Kiilu Krismasi ikipita, aniruhusu niyaongeze. Nilikuwa na nia hiyo kweli. Nimejiuliza mara nyingi nini kilinizuia kuingia ofisini kwake Jumatatu moja tu, hatua kumi kutoka mezani pangu, na jibu ni kwamba angeniuliza niliyasikilizia wapi.

Krismasi ilipita, kura zikapigwa, na yaliyofuata kila Mkenya ana yake. Mimi nitasema ya ploti yetu tu. Barabara zilifungwa, maduka ya upande wa juu yakachomwa, tulikula sukuma bila mafuta na baadaye uji bila sukari. Mama Njoki, ambaye kabila lake lilikuwa likisakwa, alitoka siku ya pili na wanawe wawili na fungu moja la nguo, chumba akakifunga kwa kufuli, cherehani ikabaki ndani. Hatukumfukuza sisi. Lakini hatukumwambia "kaa" pia, na hilo nalo nimelibeba. Haikupita wiki, vijana wa njia ya reli wakaanza kuja kuuliza ploti ina vyumba vingapi vitupu. Omosh akasema mbele yetu sote, "Si tukipatie mtu wetu tu? Hao washaenda. Hawarudi hao." Achieng wa chumba cha nne, aliyekuwa akishonewa sare za watoto na Mama Njoki bila kuharakishwa malipo, akamjibu, "Na wewe ukienda ocha, kwenu kijijini, chumba chako tumpatie nani?" Ikawa zogo. Mama Zena akainuka kitini, jambo lisilotokea mara nyingi, akatuita wote uani saa nne asubuhi, jua likiwaka na majivu yakitudondokea kichwani kutoka kusikojulikana.

Alisema kila mpangaji atataja jina lake na namba ya chumba chake, na ataapa kwamba mlango wa mwenzake aliyekimbia hautafunguliwa na mtu mwingine hadi mwenyewe arudi. Asiyetaka, njia ile pale. "Na nitawanasa sauti," akasema, "kwa sababu nawajua, kesho mtanikana." Hakukuwa na kanda tupu. Za kwake zote zilikuwa za kaswida na mawaidha, na hizo asingezigusa. Duka la kanda lilikuwa limeteketea. Akanigeukia. "Leta ile ya ofisi yako. Ile sehemu ya baada ya dua. Si ulisema hawaitaki?" Nilisimama pale na leso yangu mkononi. Wote walikuwa wananiangalia. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nipe nusu saa niyaandike kwanza kwenye daftari, na angenipa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Badala yake nikaingia chumbani kwake, nikaisogeza kanda hadi penye "amin" ya wanaume, nikaitoa redio uani kwa betri, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Omosh ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema jina lake. Mahali alipokuwa Mwanaisha akisema ya miguu, ikaingia sauti ya Omosh ikisema, "Mimi wa chumba namba mbili, naapa."

Lazima niseme pia kwamba kanda ile ilifanya kazi. Vijana walipokuja tena, mchana, Mama Zena aliweka redio juu ya stuli langoni na kuwasikilizisha majina yote na viapo vyote. Hakuna aliyevunja kufuli. Mama Njoki aliporudi baada ya miezi kadhaa alikuta cherehani yake na hata uzi ulikuwa bado kwenye sindano, akakaa chini akalia, na Omosh akajifanya anatafuta gundi. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, lakini siku hiyo ploti yetu iliikataa methali hiyo. Nilijivunia. Najivunia hadi leo, na hapo ndipo uchungu unapozidi, kwa sababu wanawake wa mwambani nao walikuwa hawapo, na la kwao nilikuwa nimelifuta mimi mwenyewe kwa kidole hiki.

Baadaye na sisi Wakamba tukaanza kuulizwa tuko upande gani, na Mama Zena akaniambia nitoke kidogo hadi mambo yatulie. Nilikwenda Kawangware kwa rafiki yangu Kalekye, tukalala wanne katika chumba kimoja, na huko nako kila mtu alikuwa anasikiliza lafudhi ya mwenzake kabla ya kumjibu salamu. Ofisi ilipofunguliwa nilienda na nguo nilizovaa. Wenzangu walinikumbatia. Mmoja akauliza, "Na nyumba yako, iliungua?" Nilikuwa nimefungua kinywa kusema la. Wakati huohuo Bwana Kiilu alitoka ofisini kwake akiwa na orodha, akauliza kanda ya kijiji kile iko wapi, maana haikuwa kabatini. Na mimi nikasema, "Iliungua, Bwana Kiilu. Niliibeba nyumbani nimalize kazi. Kila kitu kiliungua." Maneno yalinitoka hivyo, bila kujiuma. Nairobi nzima ilikuwa na kitu kilichoungua, nani angenibishia? Hakunigombeza hata kwa kuvunja kanuni. Aliniwekea mkono begani akasema, "Pole sana, Mutheu. Vitu hununuliwa." Nakala ya mazungumzo ya wanaume nilikuwa nimeshaiandika na iko kwenye faili, kwa hiyo kazi haikuharibika, akasema. Kisha akakumbuka jambo, akageuka mlangoni. "Wanawake je? Wanaotufadhili wanauliza wanawake. Kwenye kanda walisema nini?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na maneno yao yote kichwani. Ningeweza kusema, "Walisema baada ya dua, na nayakumbuka, nipe karatasi." Lakini mtu aliyeunguliwa na kanda angewezaje kukumbuka sehemu ambayo hakupaswa kuiandika? Angetaka kujua niliisikiliza mara ngapi, wapi, na nani, na uzi ukivutwa upande mmoja nguo nzima inafumuka. Kazi nilikuwa naihitaji kuliko wakati wowote. Basi nikasema, "Hawakusema kitu. Walikuwa wanapika." Akaandika pembeni ya orodha yake. Wiki iliyofuata wenzangu walinikabidhi blanketi mbili, sufuria na chupa ya chai ya samawati yenye maua, na msichana wa mapokezi alilia aliponipa. Chumba changu kilikuwa kizima. Kitanda changu kilikuwa kimetandikwa. Watu waliounguliwa kikweli walikuwa wamelala kwenye mahema, na mimi nikapokea blanketi kwa mikono miwili nikasema asanteni, Mungu awabariki.

Ripoti niliipiga chapa mwenyewe. Sentensi ile ilikuwa katika ukurasa wa kati, fupi, haina kiburi wala ubaya wa kuonekana: kwamba katika kijiji hicho wanawake hawana shughuli mwambani na huchangia mikutano kwa kupika, hivyo kamati ya ufuo iundwe na wenye vyombo na wanunuzi. Niliikagua tahajia. Nilipohama Kibera mwaka huo ukiisha, Mama Zena alinipikia gurusa ya kuagana, akaniuliza, "Wale wanawake wangu wa pweza, uliwaandika?" Nikamwambia niliwaandika. "Alhamdulillahi," akasema, akaniongezea mchuzi. Amekwisha kufa naye. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Wanaosema hivyo wana bahati, wao walikamatwa mapema. Yangu imekuwa ndefu mno, na Mwanaisha ameitembea pamoja nami bila kujua, akibeba mzigo ambao haukuwa wake, akijiambia usiku na mchana kwamba angesema kabla ya dua mwamba ungekuwepo.

Siku ya pili ya mkutano wa Kawangware sikumkabili Bi Saumu. Nilichukua namba yake ya simu kwa kisingizio cha kazi, nikamwepuka wakati wa chai. Nilikaa wiki tatu. Kwanza nikaandika yale maneno yote kama nilivyoyashika, sehemu tano, bamvua sita, kitambaa cheupe, wajane, kula mwisho, ili asizoee mtu, yakajaza kurasa mbili. Nilishangaa hayakuwa yamepotea hata moja. Halafu Jumamosi asubuhi nikaishusha chupa kutoka juu ya kabati, nikaiweka mezani mbele yangu kama shahidi, nikampigia.

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kanda, Kibera, moto ambao haukuunguza changu, na lile jibu nililompa mkubwa wangu. Sikulia. Nilijikataza, maana kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nilisikia kuku upande wake, na mtu anatwanga.

"Kwa hiyo yalisikika," akasema mwishowe. Kicheko chake hakikuwemo.

"Yalisikika, mama. Kila neno."

"Na Mwanaisha hakukosea."

"Hakukosea. Nilikosea mimi."

Mtwangaji alikuwa ameacha kutwanga. Nikaharakisha kusema kwamba nimeandika kurasa mbili, nitazituma kwa basi, watu wa rasimu mpya pia nitawapa, na jina langu nitalitia chini pamoja na kosa langu.

"Hao wa rasimu wape," akasema. "Sisi karatasi hatutaki. Karatasi twazijua. Mwanaisha ana watoto watatu na wako hapa hapa. Njoo mwenyewe. Nitawaita watu, wanaume na wanawake, uketi mbele yao na uyaseme kwa kinywa chako kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakuja, mama."

"Uje," akasema Bi Saumu. "Lakini uyaseme kabla ya dua."